Sura Tatu za Mama Dativa

Kila akitoka shule, Dativa hupitia steshenari ya shangazi yake, Levina, pale Lipangalala. Hufagia vumbi, hupanga karatasi, kisha huwasaidia wateja kuskani vyeti vyao. Jumatano ile alifika kama kawaida.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula," alijibu, ingawa hakukumbuka amekula nini. Tangu mama yake azikwe, siku zilikuwa zinapita tu. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Kesho yake ilikuwa misa ya arobaini, na picha kubwa ya marehemu ilitakiwa kuwekwa mbele ya altare. Bibi Justa, mama wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka kijiji cha Mbingu na picha pekee iliyobaki ya binti yake, ameigandisha kwenye kadibodi nene. Misa ikiisha, angerudi nayo kijijini.

Dativa akailaza picha kwenye kioo cha skana, akabonyeza, akatazama pembeni. Mama akatoka mweupe pe, kama aliyemwagiwa unga. Akarudia, mama akatoka mweusi ti. Akarudia tena, akatoka wa kijani mwenye mchirizi shavuni.

Bibi Justa alizitazama zote. "Huyu siye. Na huyu siye. Mwanangu mmempeleka wapi?"

Dativa alitaka kuona aibu, lakini hata aibu haikuja. "Mashine mbovu," alisema.

Shangazi Levina hakubisha. Alichukua cheti cha mteja, akakiskani mara mbili, nakala zikatoka sawasawa.

"Mashine nzima hii. Kifuniko ulifunga?"

"Hakifungi. Kadibodi nene."

"Basi mwanga wa mlangoni unaingia. Kioo ulifuta?"

"Hapana."

"Na rangi?"

"Niliiacha mashine ichague."

"Nayo ikachagua lake kila mara. Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Sikutaka kumwona, shangazi."

Shangazi akamshika bega. "Najua. Lakini leo mtazame."

Dativa akafuta kioo kwa kitambaa kikavu. Akafunika kadibodi kwa kitenge cheusi, mwanga usipenye. Akaizuia mashine kujichagulia rangi. Nakala ikatoka na giza kidogo. Akaongeza mwanga, kingine chochote hakugusa. Mama akatoka mwenyewe, na mwanya wake, na kovu dogo juu ya jicho.

"Rudia," alisema shangazi.

Akarudia. Mama akatoka yule yule.

Bibi Justa akaipokea picha kwa mikono miwili. "Haya. Sasa ni yeye."

"Unaona, mwanangu?" alisema Shangazi Levina. "Kazi ya kubahatisha hukupa jipya kila siku. Andaa vizuri, badilisha kitu kimoja kimoja, na uangalie kilichotoka, hata kama kinauma. Ukiipata njia, ishike."

Dativa alikuwa bado anaitazama ile sura, na macho yalianza kumlowa.

"Shangazi, nichapie na yangu. Bibi ataondoka na hii."

"Chapa mwenyewe," shangazi alimjibu kwa upole. "Njia unayo."