Dawa Yangu Ilisagwa Kwenye Uji

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, mkaaji wa Nakuru. Nimechoka, wasomaji wenzangu. Hata haya ninayaandika nikiwa nimeegemea mto, maana mwili huu hauna nguvu tena.

Nilianza kuharisha damu tulipotoka kuvuna viazi kwa mama mkwe wangu, kule Keringet. Nilidhani ni amiba. Nikanywa dawa za duka, wapi! Mwisho nilianguka bafuni, mume wangu Kiprono akanikimbiza hospitali.

Daktari alisema utumbo wangu mpana umejaa vidonda. Akaniandikia tembe zilizotengenezwa kwa ujanja wa ajabu. Zina ganda lisiloyeyuka tumboni. Zinasafiri zikiwa nzima hadi kwenye utumbo mpana, na huko ndiko zinafunguka na kutibu vidonda. Zimezwe nzima, alisema, zisitafunwe wala kusagwa. Lakini haya yote aliambiwa Kiprono, mimi nikiwa nimelala na dripu mkononi, sijui hili wala lile.

Mama mkwe alikuja kuniuguza. Simsemi vibaya, alinipenda! Aliniosha, akafua hata mashuka yale... nani mwingine angekubali? Aliponiona nikipaliwa na tembe, roho ilimuuma.

"Hii kitu ni kubwa sana kwa mgonjwa," alisema.

Tangu siku hiyo akawa anazitwanga kwenye kinu cha kitunguu saumu na kunikorogea katika uji wa wimbi. "Kunywa, mama. Dawa iko ndani." Nami nikanywa, nikishukuru! Ningejuaje?

Na Kiprono? Alipita jikoni kila asubuhi. Alisikia kile kinu kikigonga. Akamaliza chai yake, akaenda kazini.

Nilizidi kudhoofika... Damu haikukoma. Tuliporudi kliniki daktari alinigombeza, akidhani sinywi dawa. Nililia, nikaapa kwa watoto wangu kwamba sijaruka hata siku moja. Kiprono alikuwa ameketi kando yangu, akiangalia viatu vyake tu. Dozi ikaongezwa, nayo ikaishia kwenye kinu kile kile.

Hatimaye utumbo huo mpana ulivimba ukakaribia kupasuka. Nilifanyiwa upasuaji, wakautoa wote. Leo choo changu kinatoka kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Mimi niliyekuwa nikiimba kwaya mbele ya watu! Siku hizi kanisani nakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Ni nesi wa wodi aliyeniuliza nilikuwa nikimeza vipi zile tembe. Nilipomwambia, alivuta kiti akaketi. Kisha akanieleza polepole kwamba ganda likisagwa, dawa huishia njiani, haifiki ya kutosha kwenye vidonda.

Kiprono alipokuja kuniona, nilimuuliza kama alijua. Hakukana.

"Sasa, Mama Chebet, ningemwambia mathe nini? Amewacha ng'ombe zake akuje kukuosha, halafu nimwambie anakosea, tena mbele yako?"

Heshima! Yaani utumbo wangu umekwenda kwa sababu ya heshima! Je, mimi sikustahili hata kidogo ya hiyo heshima? Hasira yangu haijaisha, na sijui kama ndoa hii itapona. Tunalala chumba kimoja, lakini tunaongea habari za watoto tu, basi.

Ndugu zangu, nawasihi. Mgonjwa akiwa hajiwezi, aliyesikia maagizo ya daktari ndiye wa kumsemea. Ukiona tembe inavunjwa au inatwangwa, uliza kwanza. Sema, hata kama aliyeshika kijiko ni mama yako mzazi. Msinyamaze kama alivyonyamaza wangu!

Maana juzi nilijikaza nikamweleza mama mkwe mwenyewe yote, hata kwamba Kiprono alijua. Nilidhani atakasirika. Machozi yalimtoka, kisha akaniuliza, "Kwani huyo mtoto aliogopa nini? Angeniambia tu, ningewacha."