Samli Kwenye Kichujio

Marehemu hawakuwa watu, walikuwa viazi. Hata hivyo, kwa kilio kilichosikika kijijini Daudi asubuhi ile, mpita njia angevua kofia akidhani kuna msiba.

Inspekta Scolastica Tluway alisimama mlangoni mwa ghala la mbegu la kikundi cha akina mama. Nje palikuwa na baridi ya Julai, ile inayowafanya hata mbwa wa Mbulu wagome kutoka jikoni. Ndani, joto lilimpiga usoni. Ukutani kiyoyozi kilikuwa kinapuliza bila wasiwasi, kama mgeni asiyejua kuwa mwenyeji amefiwa.

Alipasua kiazi kwa kisu. Katikati kilikuwa cheusi tii. Akapasua cha pili, nacho vilevile.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu." Mama Hilaria, mke wa mzee Bura, alikuwa mwenyekiti wa kikundi na mzee wa kanisa. Alisimama wima, mgolole umemzunguka mabegani. "Leo tulikuwa tunagawa mbegu ya kupanda bondeni. Nimefungua mlango, nimekuta haya. Nimewakataza watu wasiguse chochote."

"Umefanya vizuri. Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu, namjua. Ni Tito, fundi. Jumatatu alikuja kusafisha kiyoyozi kama kawaida. Nikamwambia safari ijayo tutaleta fundi wa Babati. Alinuna. Amegeuza baridi kuwa joto, akaondoka."

"Tangu Jumatatu nani ameingia humu?"

"Hakuna. Ufunguo ni mmoja, na ninao mimi."

Tito alikuwa tayari mikononi mwa konstebo, kiti cha nyuma cha gari la polisi, huku akina mama wakimtupia maneno ambayo kanisani hayasemwi. Kosa la kuharibu mali kwa makusudi si la mchezo. Jumatatu ijayo angepandishwa kizimbani, na kwa hasira ile, hata dhamana asingepata wa kumwekea. Inspekta aliingia garini, akakaa mbele yake.

"Ulifanya nini Jumatatu? Anza mwanzo."

"Nilizima umeme, afande. Nikatoa vichujio, nikaviosha kwa maji na sabuni kidogo, nikavianika kivulini. Nikapuliza vumbi ndani. Nikamwaga maji kwenye bomba la kutolea maji nione kama linapitisha. Nikasafisha na mashine ya nje. Kisha nikajaribu."

"Ulijaribu nini?"

"Baridi, halafu joto. Halafu nikarudisha baridi. Naapa kwa Mungu, nilirudisha."

"Nani alikuona?"

"Mama mwenyekiti mwenyewe. Alishangaa kusikia kinatoa na joto. Aliweka mkono pale upepo unapotokea, akasema 'kumbe'. Akaniomba nimwonyeshe kitufe."

"Kwa nini alitaka kukijua?"

"Sikuuliza. Watu wazima hawaulizwi ulizwi."

Kijana alikuwa anatetemeka, lakini huku kwetu Julai kutetemeka si ushahidi.

Alirudi ghalani, akavaa glavu, akapanda juu ya kreti. Alifungua mfuniko wa kiyoyozi na kuchomoa kichujio. Kama Tito alikiosha Jumatatu na hakuna aliyeingia tangu siku hiyo, kingekuwa na vumbi jepesi la udongo, basi. Kumbe kilikuwa kimeshika nyuzinyuzi nyeupe za blanketi, na zilinata. Alizisugua kwa kidole. Mafuta. Akanusa.

Samli.

Akanusa tena. Harufu hiyo aliijua. Mama mkwe wake alimnywesha uji wa samli ya moto asubuhi na jioni alipojifungua mwanawe wa kwanza, hadi akaiota ndotoni. Mbulu nzima samli ni ya wageni na ya sherehe, lakini samli ya moto, ya siku hadi siku, ndani ya chumba kilichofungwa, ni ya mtu mmoja tu. Ni ya mzazi.

Alikiweka kichujio kwenye mfuko wa vielelezo, akamwita Mama Hilaria ndani na kurudisha mlango.

"Mama, unasema hakuna aliyeingia."

"Hakuna."

"Basi nani amekuwa akinywa uji wa samli humu?"

Inspekta aliinua mfuko wenye kichujio.

"Kichujio kilioshwa, wewe mwenyewe ukiona. Sasa kina mafuta na manyoya ya blanketi. Na ufunguo unao wewe."

"Labda panya..."

"Panya wa Daudi siku hizi wanajipikia uji?"

Mgolole ulimteleza begani na hakuuokota.

"Mzazi yuko wapi, mama?" Inspekta aliuliza polepole. "Nje kuna baridi, na umeshamtoa humu. Mtoto yuko wapi?"

Hapo mama yule, ambaye kikundi kizima kilimwogopa, alikaa juu ya gunia la viazi vilivyooza akaanza kulia.

"Banda la mbuzi. Nyuma ya nyumba ya jirani. Nimewahamisha kabla wanachama hawajafika."

Konstebo alitumwa mbio. Alirudi amembeba mtoto ndani ya koti lake la polisi, na nyuma yake binti mwembamba, midomo imepauka. Alikuwa Loveness, mjukuu wa Hilaria. Inspekta aliwaingiza garini upande wa mbele na kumwamuru dereva awashe joto na kuwapeleka kituo cha afya. Tito, aliyeteremshwa kuwapisha, alisimama kando ameduwaa.

"Sasa niambie," Inspekta alisema waliporudi ndani.

"Hana mume," Hilaria alijibu. "Mimba ilipojulikana, mzee Bura alisema hatazalia kwake. Ni mila ya wazee, afande, unaijua. Binti asiyeolewa akizalia nyumbani, eti nyumba inachafuka na mifugo inakwisha. Wengi wameiacha. Bura hajaiacha. Uchungu ulipomshika alimtoa nje na kanga yake moja."

"Ungempeleka kwa mchungaji."

"Mimi? Mzee wa kanisa? Ninayewasema mabinti wa wenzangu kila Jumapili?" Alicheka kwa uchungu. "Niliona aibu. Mtoto alizaliwa hapa, kati ya makreti, usiku wa Jumatatu. Alikuwa amegeuka bluu kwa baridi. Nikakumbuka kile kitufe."

"Ulijua joto litaharibu mbegu?"

"Nilijua viazi vitachipua. Sikujua vitaoza moyo."

"Na leo, ulipowatoa, kwa nini hukurudisha baridi?"

Hili lilimchoma kuliko yote.

"Ili ionekane ni Tito."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Hata habari ya fundi wa Babati niliitunga. Nilitafuta mtu wa kubeba, na yeye hana ndugu hapa wa kumtetea."

Inspekta aliandika maelezo hayo, akamsomea, Hilaria akatia sahihi. Kisha akamweleza bila kuzungusha: habari ya mbegu ataizungumza na kikundi, lakini kwa kuipa polisi taarifa ya uongo ili mtu asiye na hatia afungwe, atashtakiwa. Mama aliitikia kwa kichwa. Inspekta alimhurumia, na huruma hiyo ilimkera, maana kila alipomtazama alimwona pia kijana aliyekaribia kuozea gerezani.

Nje, akina mama walinyamaza pingu za Tito zilipofunguliwa. Waliomtukana sana walikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Mama Hilaria alimwendea, na mbele ya kikundi chote, mtu mzima yule akapiga magoti kwenye umande.

"Nisamehe, mwanangu. Kumwokoa yule mtoto, nikakutoa kafara wewe."

Tito alirudi nyuma kwa aibu ya kupigiwa magoti na mtu wa umri wa mama yake. Alijisugua viganja. Aliposema, sauti ilikuwa ya hasira, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ungeniita tu, mama. Mimi mwenyewe ningekuja kukuwashia."