Ombi Lililopelekwa Mara Mbili

Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani, na duka la simu la pale Ukunda halikuwa na pa kuweka mguu. Vijana walitaka vioo vya simu, akina mama walitaka spika, na muuzaji alikuwa akiwajibu watu watatu kwa mpigo. Muhsina alinyoosha mkono kuichukua chaja ya laptop iliyokuwa ikining'inia ukutani, ya mwisho ya aina yake. Mkono mwingine ukaushika waya upande wa pili.

"Samahani, dada," alisema mwenye mkono. "Mimi nimeiona tangu nikiwa mlangoni."

"Na mimi nimeishika nikiwa hapa."

"Basi tuigawe. Wewe uchukue waya, mimi nichukue kichwa."

"Utachajia nini na kichwa peke yake?"

"Nitakupigia simu uniletee waya."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kola ikasimama, kofia ya viua kichwani. Muhsina alivaa buibui jeusi na mtandio wa manjano iliyokolea, na begani ana mkoba ambao zipu yake imekufa, umefungwa kwa pini. Kijana aliutazama ule mkoba, akaiachia chaja. Alisema anaitwa Swabir, kwao Kwale mjini, na kwamba baada ya Idd angeanza kazi kwenye kampuni moja Diani. Alipoitaja kampuni, Muhsina aliinamisha uso, akalipa, akaaga. Hakumwambia kwamba yeye ameajiriwa hapo hapo.

Siku ya kwanza ya kazi Swabir alipanda ngazi za ofisi, juu ya duka la dawa, akamkuta amekaa karibu na dirisha.

"Chaja haijambo?" aliuliza.

"Haijambo, yakusalimu. Waya na kichwa."

Kampuni ilikuwa ya Bwana Kahindi. Ilikuwa na tovuti ambayo wageni walitumia kukodi nyumba ndogo ndogo za pwani, kuanzia Diani hadi Msambweni. Swabir alipewa programu inayoandika nani amechukua chumba gani. Muhsina alikuwa msimamizi wa proksi.

"Hiyo proksi ndiyo nini?" shangazi yake, Bi Zulekha, alimuuliza siku moja. Muhsina alikuwa akiishi kwake Ukunda, na wakati huo walikuwa jikoni wakikuna nazi.

"Ni kama bawabu, shangazi. Kila ombi la mgeni linampitia yeye kwanza, naye ndiye ajuaye alipeleke wapi. La chumba huku, la malipo kule."

"Na huyo kaka wa Kwale?"

"Yeye anashughulikia programu ya vyumba."

"Mimi sikuuliza habari za programu."

Muhsina aliendelea kukuna nazi. Bi Zulekha hakuuliza tena, kwa kuwa simu ilikuwa ikilia kila siku baada ya magharibi, na mpwa wake aliipokea akiwa tayari ameshatoka uani.

"Bawabu wangu," Swabir angesema.

"Nani mwenzangu?"

"Umeshanisahau? Tumeachana saa kumi na moja."

"Watu wengi hupita mlangoni kwangu. Sema shida yako."

"Shida yangu nimekula wali mkavu, na wewe najua mmepika samaki wa kupaka."

"Pole, laazizi. Ungekuwa karibu ningekutilia."

"Nitakuwa karibu, inshallah."

Swabir hakuwa mtu wa kusema mambo mara mbili. Kabla mwaka haujaisha walikwisha kukubaliana: msimu wa wageni ukipita, wazee wa Swabir wangevuka kwenda Mkwiro, kisiwani Wasini, kumwona Mzee Makame, baba yake Muhsina, mwenye duka pale kijijini.

Msimu ulipoanza, likazuka jambo. Wageni walifika kwenye nyumba za Msambweni wakaambiwa hakuna nafasi, na huku vyumba vimefungwa, vitanda vimetandikwa, hakuna mtu ndani. Kwenye kompyuta mgeni mmoja alionekana amechukua vyumba viwili kwa dakika ile ile, ingawa mwenyewe aliapa kwamba ameomba kimoja. Bi Dama, mmoja wa wenye nyumba, alimpigia simu Kahindi.

"Nyumba yangu imejaa watu wasiokuwapo," alisema. "Na waliopo nawafukuza."

Kahindi aliwaita wote mezani. Muhsina alisema njia iko. Angewasha ufuatilio kwenye proksi: kila ombi lipewe namba yake pale mlangoni, na kila programu linakopitia iandike limefika saa ngapi na limetoka saa ngapi. Mwisho wake wangeiona safari yote ya ombi kwenye picha moja, mstari chini ya mstari.

"Lakini lazima kila programu ipokee ile namba na kuipitisha," aliongeza, akimtazama Swabir.

"Yangu itaipitisha leo hii," alisema Swabir. Na kweli, kabla ya alasiri alikuwa amemaliza.

Muhsina alifungua faili la mipangilio. Aliandika kumbukumbu zipelekwe seva gani. Kwa kawaida proksi ingefuatilia ombi moja tu katika mia. Akabadilisha, yafuatiliwe yote. Mwongozo ulikuwa na mstari mmoja zaidi wa hiari: ukiuweka, proksi huandika kando kila mara inapolisukuma ombi mbele. Aliusoma, akaona utaongeza mzigo wakati wa msimu, akauacha.

Jioni picha zikaanza kutoka. Ya kwanza yenye vyumba viwili ilikuwa wazi kabisa. Juu mstari mmoja wa proksi. Chini yake mistari miwili ya programu ya Swabir, kila mmoja umeandika chumba chake. Muhsina aliitazama muda mrefu, akatazama nyingine, na nyingine. Zote zilisema vile vile.

Baada ya magharibi simu ililia.

"Picha zimetoka?" aliuliza Swabir.

"Bado naziangalia."

"Unaona nini?"

"Nitakwambia. Umekula?"

Wakazungumza habari za pweza, na za shemeji yake Swabir aliyejifungua pacha. Muhsina alicheka mahali pa kucheka. Alipokata simu alibaki uani akiwa ameishika.

Asubuhi aliiweka picha kwenye skrini ya ukutani, mbele ya wote. Kahindi alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Ombi moja limeingia," alisema Muhsina. "Programu ya vyumba imefanya kazi mara mbili."

Swabir hakuinuka kitini. "Programu yangu huandika inachopokea."

"Proksi imepokea moja."

"Nimesikia imepokea ngapi. Nauliza imepeleka ngapi."

Muhsina alinyoosha kidole kwenye mstari wa juu. Ulikuwa mmoja. Kahindi alikuwa na simu za wenye nyumba zisizojibiwa tangu alfajiri. Alisema programu ya vyumba ichukuliwe na Chome, mwenzao wa meza ya pili, na Swabir apumzike kwanza nyumbani. Kila mtu alielewa maana ya kupumzika.

Muhsina alimfuata ngazini.

"Swabir."

"Jana nilikuuliza."

"Sikuwa na hakika."

"Leo asubuhi ulikuwa nayo. Na simu yangu hukuipiga." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwelekeza mtu njia. Kisha akashuka.

Jioni hiyo simu haikulia. Muhsina alipiga yeye, haikupokelewa. Baada ya siku kadhaa aliacha kupiga. Bi Zulekha alipeleka habari Mkwiro kwamba wazee wasingojewe.

Chome aliiandika programu ya vyumba upya, mwanzo hadi mwisho. Ilimchukua muda, na kazi yake ilikuwa safi. Wiki ile ile alipoiwasha, Bi Dama alipiga simu tena na malalamiko yale yale.

Hapo ndipo Muhsina alipourudia mwongozo. Ilikuwa mchana, ametoka kuswali adhuhuri, na ofisi ilikuwa kimya. Aliuweka ule mstari aliouacha, akaiwasha proksi upya, akangoja. Mgeni mmoja akaomba chumba. Seva zilikuwa zimezidiwa, jibu likachelewa. Picha ilipokuja, chini ya mstari wa proksi palikuwa na mistari ambayo hapo awali haikuonekana: proksi imelipeleka ombi, imengoja mpaka muda wake ukaisha, haikupata jibu, ikalipeleka tena ombi lile lile. Yote mawili yalifika, na programu ya vyumba iliandika yote mawili, kama ilivyopaswa.

Amri ya kurudia aliiandika mwenyewe, mwaka uliopita, wakati kurasa zilipokuwa zikikatika. Kahindi alimsifu kwa kazi ile.

Muhsina alikaa. Ilikuwa amri fupi. Angeweza kuifuta pale pale, vyumba vikaacha kujirudia, na kila mtu akadhani Chome amepata dawa. Chome mwenyewe alikuwa mbele yake, akila muhogo wa kukaanga, hana habari. Mkono wa Muhsina ulikuwa juu ya kibodi, ukatulia hapo kidogo. Kisha akainuka, akaiweka picha ukutani, akaenda kubisha mlango wa Kahindi.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la Chome, na halikuwa la Swabir. Njoo nikuonyeshe."

Kahindi alitazama, akauliza maswali mawili matatu, akavua miwani.

"Nilimwondoa mtu," alisema.

"Nilikuonyesha picha nusu."

"Nimpigie arudi?"

"Mpigie. Usimwambie nimekutuma."

Swabir alimsikiliza Kahindi mpaka mwisho, akamshukuru, akakataa kurudi. Alikuwa amekwisha kupata kazi ya kufundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi huko Kwale. Kahindi alirudi na jibu hilo, akalisema bila kupamba.

Jumamosi hiyo Muhsina alimwambia shangazi yake kwamba anapanda Kwale.

"Utakwenda na nini mkononi?" aliuliza Bi Zulekha.

"Sina kitu."

"Basi vaa vizuri."

Alivaa buibui lenye nakshi za zambarau mikononi, akajifukiza udi. Kule juu kilimani palikuwa na upepo wa baridi na wanafunzi wamejaa uwanjani wakingoja kipindi cha mchana. Swabir alikuwa kwenye benchi nje ya darasa, akifunga kamba ya kiatu. Aliinua kichwa, akamwona, akamaliza kufunga.

"Assalamu alaikum," alisema Muhsina.

"Waalaikumu salaam. Karibu ukae."

Aliketi. Alimweleza yote, tangu mstari aliouacha hadi amri ya kurudia. Hakujitetea popote. Swabir alisikiliza kama alivyomsikiliza Kahindi.

"Ulimwambia Kahindi kwanza, au umekuja kwangu kwanza?"

"Yeye kwanza. Chome naye alikuwapo."

"Vizuri. Kosa la proksi hata mimi ningelifanya. Mtu akikwambia amri ile inasaidia, utaiweka. Sikuondoka kwa sababu ya hilo."

"Najua."

"Nilikuuliza, ukanizungumzia pweza."

"Niliogopa nikikwambia utanibembeleza nisiipeleke ile picha."

"Nisingekubembeleza. Ningekwambia utazame upande wako pia, tungekaa sote tukauona huo mstari." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe uliogopa kwamba nitajitetea. Ndiyo maana hukutaka kunisikia."

"Ndiyo," alisema Muhsina. "Nisamehe."

Kengele ililia. Wanafunzi walianza kuingia, wengine wakimwamkia Swabir, wengine wakimtazama mgeni wake. Alijibu marahaba huku na huku, akakusanya vitabu vyake, lakini hakuinuka.

"Kwenu wanajua nini?" aliuliza.

"Shangazi aliwaambia tu kwamba mambo yameharibika. Juzi nilimpigia baba, nikamweleza aliyeharibu."

"Mzee Makame alisema nini?"

"Aliniuliza tu kama huyo mtu ameshaoa."

Swabir aliinama, akayaficha macho yake. Mabega yalimtikisika kidogo, na Muhsina alitambua kwamba anacheka. Alipoinuka alikuwa amevibana vitabu kwapani, na uso wake umerudi kuwa wa mwalimu.

"Mwambie bado," alisema, akaingia darasani.

Muhsina hakuondoka. Aliuvuta mtandio wake vizuri kwa ajili ya baridi, akaketi pale pale benchini akiisikiliza sauti yake kupitia dirishani mpaka kipindi kikaisha.