Alama Arobaini za Tressa Haugen

Saa kumi na mbili na dakika arobaini ya asubuhi, Jumatatu tarehe 22 Machi 2004, Dwight Sorley aliingia darasa la nne la shule ya Stenner kuwasha hita akakuta kabati la mwalimu liko wazi. Sanduku la mtihani wa jimbo lilikuwa juu ya meza, utepe wake wa muhuri umekatwa kwa wembe, na pembeni yake makombo ya kifutio yametapakaa. Dwight alikuwa mtunza majengo, na alikuwa amefagia chumba hicho Jumamosi jioni kwa mkono wake. Hakugusa kitu. Alimpigia simu sherifu kabla hata hajavua glovu.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, ndiyo maana Dwight aliwahi saa nzima kabla ya muda wake, apate kusafisha njia. Aliyekata utepe alikuwa ameitegemea saa hiyo ili arudishe kila kitu mahali pake.

Naibu sherifu Ardith Kolstad alifika saa moja na robo. Vilikuwa vijitabu kumi na vitatu, kimoja kwa kila mtoto, kila kimoja na maswali arobaini. Alivipitia kimoja kimoja kando ya dirisha. Majibu mabaya yalikuwa yamefutwa na mazuri yamewekwa juu yake, na karatasi imechubuka kila mahali kifutio kilipopita.

Sababu haikuhitaji kutafutwa. Wilaya nzima ya shule ya Stenner ilikuwa na wanafunzi themanini na mmoja, na ilikuwa imefeli mtihani wa jimbo miaka miwili mfululizo. Ikifeli mwaka wa tatu ingefungwa, na watoto wangepakiwa kwenye basi maili arobaini hadi Radford. Shule ikifungwa, duka linafuata, kisha posta, kisha mji unabaki jina kwenye ramani. Watu wa Stenner walikuwa wameona miji mingine minne ya mpakani ikifa hivyo, na wakawacheka wenyeji wake kwa uzembe wao.

"Hili si la kuumiza kichwa," alisema Royce Tallman, mkurugenzi wa wilaya, aliyeletwa kutoka mjini miaka mitatu nyuma. "Kabati la Ione Brekke, meza ya Ione Brekke. Unataka nini tena, picha?"

"Funguo za kabati ziko ngapi?"

"Nne. Yake, yangu, ya Dwight, na ya Corliss pale ofisini."

"Basi washukiwa ni wanne, bwana mkurugenzi. Na wewe umo."

Tallman alicheka kwa pua. "Mimi nilisimama mbele ya darasa lile Jumatano tarehe 17, saa tatu kamili, nikawasomea watoto masharti ya mtihani. Nikatoka. Sikurudi humo. Na Alhamisi bodi inakaa saa moja jioni kumfukuza huyo mama, kwa hiyo kama una la kuongeza, fanya haraka."

Kufukuzwa maana yake ilikuwa moja. Ione Brekke alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, amebakiza miezi kumi na minne tu apate kiinua mgongo na pensheni yake kamili. Akifukuzwa kwa udanganyifu, angeondoka na koti lake na begi lake. Na Ardith hakuweza kulitazama jambo hilo kwa ubaridi wa kazi. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa hajui kusoma, wenzake wakimwita Kisiki, na ni Ione aliyebaki naye kila jioni majira yote ya baridi mpaka herufi zikakaa sawa.

Alimkuta nyumbani kwake saa nne, amekaa jikoni na kahawa ambayo hakuinywa.

"Mwalimu, ulifanya?"

"Sikufanya."

"Unamjua aliyefanya?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi nipe kitu. Chochote. Wanakuchinja Alhamisi."

"Nimekwambia sikufanya. Zaidi ya hapo sina neno, na usinibane." Akasimama kuosha kikombe kilichokuwa kimejaa.

Ofisini, karani Corliss Dahl alimpa Ardith kiti, kahawa na kipande cha keki, kama alivyompa kila mgeni kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa ndiye kumbukumbu ya wilaya. Mumewe alikuwa na kituo cha mafuta. Hawakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa Stenner hilo lilitosha kuwafanya watu wa pembeni kidogo.

"Jumapili ulikuwa wapi, Corliss?"

"Kanisani, kisha nyumbani. Ulikuwa wapi wewe?"

"Kazini. Nani alikuwepo siku ya mtihani?"

Corliss alifungua daftari la mahudhurio bila hata kulitafuta. "Wote kumi na watatu. Ona, Ione mwenyewe kaweka alama. Idadi hii ndiyo jimbo linatulipia, na mimi ndiye ninayeapa kwa maandishi kila mwezi kwamba ni ya kweli. Sijawahi kukosea hata mtoto mmoja." Alisema hivyo kwa fahari, naye Ardith aliamini.

Jioni ile, kituoni, Ardith alivipanga vijitabu tena. Kumi na viwili vilikuwa vimechubuliwa kwa kifutio. Cha kumi na tatu hakikuwa na mchubuko popote. Kilikuwa na jina la Tressa Haugen, binti wa mfugaji Boyd Haugen, mtoto ambaye mji mzima ulijua anahangaika na sentensi ya maneno matano. Tressa alikuwa amepata arobaini kwa arobaini, bila kubadili mawazo hata mara moja.

Jumanne alimkuta Dwight akichoma takataka nyuma ya shule.

"Kiti cha Tressa Haugen kiko wapi darasani?"

"Safu ya mwisho, dirishani." Dwight akamtazama kwa jicho la pembeni. "Watoto wakitoka kila mmoja anapandisha kiti chake juu ya dawati ili nifagie. Asubuhi anakishusha. Unataka kuniuliza nini hasa?"

"Wiki iliyopita kilishuka?"

Dwight alichokonoa moto. "Wewe umezaliwa hapa, Ardith. Machi usiniulize mambo ya viti."

Alikuwa amezaliwa hapo, lakini baba yake alikuwa fundi bomba, si mfugaji, na siri ya Machi haikuwahi kufika kwao. Alikwenda kwa Haugen. Boyd alikuwa zizini, macho mekundu kwa kukosa usingizi, Tressa kando yake ameshika kamba, mikono imelowa damu mpaka viwiko. Kila mfugaji wa huko huwa na kijidaftari mfukoni mwa shati, na kila ndama huandikwa humo: siku, saa, mama yake, nani alimvuta atoke. Ardith aliomba kukiona. Boyd, ambaye pia alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, alikitoa polepole.

*Jumatano 17 Machi, saa tatu na nusu asubuhi. Namba 212. Dume. Tressa alivuta.*

"Kila mwaka?" aliuliza Ardith.

"Toka enzi za baba yangu. Ng'ombe hawangoji kengele. Mwalimu anaweka alama kwamba yupo, shule inapata fedha zake, mimi napata mikono. Hakuna anayeumia." Akakirudisha mfukoni. "Utakaa nalo hilo, sivyo?"

Jumatano Ardith alirudi jikoni kwa Ione, safari hii hakukaa.

"Tressa hakuwepo. Ulirudisha kijitabu chake kitupu, kwa sababu daftari lilisema yupo. Mtu mwingine akakijaza. Ungesema hilo Jumatatu, ungekuwa huru. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu daftari ni uongo," alisema Ione. "Si wa Tressa peke yake. Kila Machi, watoto kumi, kumi na wawili, miaka ishirini na sita, na walimu wote. Jimbo likijua, halitangoja mtihani. Litafunga wiki ileile."

"Kwa hiyo ufe wewe."

"Mimi ni mzee. Nakuomba, Ardith. Sijawahi kukuomba kitu. Waache wanifukuze."

Ardith alitoka. Njiani alikasirika hata akasimamisha gari. Alimkasirikia Boyd, akaukasirikia mji, akamkasirikia mwalimu wake kwa wema wake wa kipumbavu. Hapo ndipo alipokata shauri.

Alhamisi saa moja jioni ukumbi wa chakula ulijaa. Wajumbe watano walikaa meza ya mbele: Merle Gunders mwenyekiti katikati, Boyd Haugen mwisho kushoto. Corliss alikaa pembeni na kalamu yake, akiandika kumbukumbu za kikao kama siku zote. Ione alikuwa mstari wa kwanza, koti bado mwilini.

"Kabla hamjapiga kura," alisema Ardith, "nina maswali matatu. Bwana Tallman, uliposoma masharti darasani, uliona viti vingapi vitupu?"

Tallman alitazama dari. "Kimoja."

"Hukuuliza?"

"Wiki niliyofika hapa nilikalishwa chini nikaambiwa, Machi usiulize."

"Dwight, kiti cha Tressa?"

"Kilikaa juu ya dawati wiki nzima," alisema Dwight kwa shida.

"Aliyebadili majibu alijaza pia kijitabu cha mtoto ambaye hakuwepo. Alikikuta kitupu akadhani Tressa amekaa saa mbili ameshindwa kuandika hata nukta. Mwalimu asingedhani hivyo. Mkurugenzi asingedhani hivyo, wala Dwight. Kati ya wenye funguo nne, mmoja tu alikuwa analiamini daftari." Akageuka. "Corliss, Jumapili ulienda ibada ya kwanza ukatoka saa nne. Mchungaji anasema hukubaki kwenye chakula cha pamoja, na hujawahi kukikosa. Ofisi yako ina vioo vinavyotazama barabara. Darasa la nne liko nyuma, hakuna anayekuona."

Kalamu ilisimama. Corliss hakumtazama Ardith. Alimtazama Ione.

"Hakuwepo?"

"Alikuwa zizini," alisema Ione.

"Umeweka alama. Mimi nimeiona."

"Tunaweka kila mwaka. Hatukukwambia kwa kukuhurumia, Corliss. Wewe ndiye unayeapa. Tulitaka mkono wako uwe safi."

"Mkono wangu." Corliss alicheka kicheko kifupi kibaya. "Nina miaka hamsini na minane. Radford hawatanichukua hata kufagia. Nilifuta kwa ajili ya shule hii, vidole vikaniuma. Nikasema nitarudisha kila kitu Jumatatu alfajiri, nikakuta Dwight keshafika. Na waliposema ni wewe, nikajiambia, Ione anaondoka mwakani hata hivyo, ana nyumba yake, atavumilia. Nikalala usingizi. Sasa naambiwa mlinikalisha pale miaka ishirini na sita, niape uongo wenu kwa jina langu, huku mji mzima unanicheka?"

"Hakuna aliyekucheka," alisema Merle.

"Mlijua wote?"

Watu mia na ishirini wakakuta jambo la kutazama sakafuni. Corliss aliinama akaanza kuandika, haraka, kwa mwandiko wake mzuri.

"Hilo usiliandike," alisema Merle. "Corliss. Kumbukumbu zinakwenda jimboni."

"Nimeshaandika. Tangu mwaka sabini na nane. Nani mwingine aliweka alama za uongo? Semeni majina, nisikosee."

Merle alijifuta uso. Walinong'onezana pale mezani dakika tatu, na ukumbi mzima uliwasikia. Jimbo likija, bodi ionekane imechukua hatua. Lazima awepo mtu. Merle akasoma hoja: mwalimu Ione Brekke afukuzwe, si kwa mtihani, bali kwa kughushi daftari la mahudhurio, kama alivyokiri mbele ya kikao.

"Merle, mmemsikia Boyd? Muulizeni Boyd," alisema Ardith. "Kijidaftari kimo mfukoni mwake."

"Umemaliza maswali yako matatu, naibu."

Mikono miwili ilipanda, kisha wa Merle mwenyewe. Boyd Haugen alikaa ameinamisha kichwa. Merle alimngoja. Boyd akainua mkono wa nne, mjumbe wa mwisho akamfuata.

Ione alisimama akafunga vifungo vya koti. Alipita mbele ya meza yao, na kwa mazoea ya miaka yote akasimama mbele ya Boyd.

"Wamebaki ng'ombe wangapi hawajazaa?"

Boyd aligusa mfuko wa shati. "Kumi na mmoja, Mwalimu."

"Basi Tressa mpe wiki moja zaidi," alisema Ione, akaelekea mlangoni.

Corliss akayaandika na hayo.