Maji Chini ya Gari la Samaki

Kila asubuhi Roselyn hununua samaki ufuoni Homa Bay. Mumewe, Cephas, huwapakia kwenye gari lao kuukuu, huwafunika kwa barafu, kisha huwapeleka Rongo kwa wenye hoteli.

Lakini gari lilianza kuchemka. Siku moja lilikwama njiani, Rodi Kopany, jua likiwa kali. Cephas alifungua kifuniko cha rejeta papo hapo, mvuke ukamchoma mkono. Barafu iliyeyuka, samaki wakaoza, wakatupwa. Wateja walihama mmoja mmoja. Alibaki Mama Edith, naye alisema wakichelewa tena, basi.

Kila asubuhi Cephas alijaza maji. Kufika jioni, rejeta ilikuwa tupu. Chini ya gari kulikuwa na maji, lakini gari la samaki hudondosha maji siku zote. Alisema ni barafu tu.

Jioni moja Roselyn alimkuta ameketi juu ya ndoo, kichwa mikononi.

"Baba Trizah, njoo ule."

"Nile nini? Tuliuze kwa watu wa vyuma. Limetushinda."

Roselyn alifunika chakula. Alienda kwa jirani yao Jerusha, mwalimu wa ufundi wa magari.

Jerusha alikuja asubuhi, injini ikiwa baridi. Alifungua rejeta, akanusa. Cephas alikiri kwamba akikwama njiani, hujaza maji ya barafu ya samaki.

"Ndugu yangu, unaipikia injini supu," Jerusha alisema. "Magamba yanaziba rejeta. Na usifungue kifuniko injini ikiwa moto."

Waliliosha gari, wakalisogeza pakavu bila barafu. Jerusha alijaza maji safi, akatandika katoni chini ya injini, akawasha gari. Baada ya muda, tone likaanguka. Likafuata jingine.

"Barafu hudondoka nyuma," alisema. "Hili liko mbele. Ni la rejeta."

Alizima injini, akafuata unyevu kwa tochi. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, na klipu inayoubana imeliwa na kutu.

Walibadilisha mpira na klipu, wakasafisha rejeta, wakajaza kulanti, ile dawa ya kijani ya kupozea injini.

Waliohama hawajarudi. Lakini Mama Edith alipokea samaki, barafu ikiwa bado ngumu. Akasema, "Kesho pia."

Sasa kila asubuhi, kabla ya kupakia, Cephas huvuta katoni kutoka chini ya gari na kuipapasa.

"Mama Trizah," huita, "ni kavu. Lete barafu."