Mstari wa Mwisho wa Orodha

Ilianza kwa harufu. Saa nane mchana karani wa kliniki ya figo alibonyeza kitufe chake, kama alivyofanya kila siku kwa miaka minne, ili makro, programu fupi ndani ya jedwali lake la kompyuta, ikusanye majina ya wagonjwa na kupanga nani atawekwa saa ngapi kesho kwenye mashine ya kusafisha damu. Mara chumba kikanuka kama nyumba iliyofungwa miaka mingi. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka. Na kazi iliyokuwa ikiisha kabla hajamaliza kufuta miwani, siku hiyo ilichukua dakika kumi na moja.

Wiki ya pili ilichukua saa nzima na zaidi. Wagonjwa walikaa kwenye benchi la korido, miguu imevimba, wakisubiri kuambiwa saa zao. Muuguzi akachungulia mlangoni.

"Dada, kuna mzee hapa basi la kwao linaondoka. Nimwambie nini?"

"Mwambie bado."

"Nimemwambia bado tangu saa nane."

Mzee akaondoka bila kujua zamu yake. Kesho yake alifika jioni, mashine zimeshajaa, pumzi zikimkatika; wakamlaza wodini. Karani alilia chooni, akanawa uso, akarudi kukaa. Siku hizi hata kuinua kikombe kulimtoa jasho.

Fundi wa kompyuta alikuja na usingizi machoni, maana alihudumia kliniki sita peke yake. Akapima kila hatua ya makro kwa saa. Kukusanya majina, sekunde mbili. Kupanga, sekunde moja. Kufuta mistari mitupu, hapo ikakwama.

"Dada, una wagonjwa wangapi?"

"Themanini na wawili."

"Sasa mbona makro inatembea mpaka mstari wa milioni moja na ushee?"

Akabonyeza, ukurasa ukaruka hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mwenye kazi ya kufanya. Kwenye mstari wa mwisho paliandikwa neno moja: NIMECHOKA.

"Umeandika wewe?"

"Kuchoka nimechoka, fundi, lakini sijaandika."

Fundi akacheka, akalifuta, makro ikaenda sekunde nne. Kesho yake neno lilikuwa limerudi. Akafungua faili jipya, akahamisha mistari themanini na miwili tu; neno likaifuata huko. Akalifuta tena, na safari hii, huku wote wawili wakitazama, mikono ya karani ikiwa mapajani na ya fundi ikiwa hewani, herufi zikaanza kujipanga moja moja, taratibu, kama za mtu anayepumzika kila baada ya herufi, na kila moja ilipotokea karani alishusha pumzi ndefu ambayo hakuivuta yeye, mpaka chumba kizima kikanuka vumbi na mapazia yaliyooza.

"Dada," fundi akanong'ona, "hili si la kompyuta."

Karani akampigia shangazi yake, aliyekuwa akipunga watu waliopandwa na majini tangu karani hajaanza shule. Shangazi akaja saa nane ileile, akafunga mlango, fundi akiwa bado ndani, akamshika karani bega. "Bonyeza, mwanangu."

Akabonyeza, na uzito ukampanda kutoka miguuni, ukapita magotini na kiunoni, ukamkalia shingoni kama mtu mzima anayebebwa mgongoni, na karani akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema kwa sauti nzito, iliyokauka, ya mtu aliyetembea kupita kiasi: "Nilikuta nyumba ya vyumba milioni, haina mtu. Nikalala chumba cha mwisho. Kila siku huyu ananiamsha, ananitembeza chumba kwa chumba. Nikamwegemea."

"Umemmaliza mtoto wangu," shangazi akasema. "Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Kokote."

"Kote kuna kelele."

 Mlangoni wagonjwa walikuwa wakikohoa. Shangazi akainama, akasema jambo sikioni mwa karani, ambalo fundi, mgongo wake ukiwa umegandana na kabati, hakulisikia. Karani akajihisi mwepesi ghafla, akaangukia meza.

Orodha ikatoka. Fundi akashuka hadi mstari wa mwisho: mtupu. Akairekebisha makro iwe inaishia kwa mgonjwa wa mwisho, isiguse pale chini tena. Nje muuguzi alikwishaanza kusoma majina kwa sauti.

Karani akamsindikiza shangazi kwenye ngazi. Shangazi alishika ukuta, akasimama kila kidato, akihema.

"Shangazi, umechoka?"

"Mimi? Hata." Akashusha mguu mwingine polepole, kama anayemwongoza mgonjwa. "Ni huyu. Usituharakishe."