Ukuta Nyuma ya Kabati

Wewe unayesoma, harufu ya ukuta uliooza kwa maji unaijua. Umewahi kuingia chumbani kwa rafiki yako, ikakupiga puani, ukageuza uso ukajifanya unatazama dirishani. Usibishe. Leo hugeuki.

Sindano alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na pia kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alichemsha uji, kisha akamwamsha mdogo wake wa miaka mitano, aliyeitwa Meneja kwa sababu alitoa amri akiwa kitandani. Siku hizo Meneja hakuamrisha mtu. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, na kifua chake kililia kama filimbi iliyoingia maji.

Nje mvua, baridi na matope. Baba, mwoka mikate, alirudi kazini na unga kwenye nyusi, akamsikiliza mwanawe, akasema hali hii ya hewa itamwua mtoto. Heri wahamie mkoa wa jua, alikoishi mjomba. Mjomba alizoea kuwatumia picha za bwawa la buluu na anga lisilo na wingu.

Katika nyumba hiyo jambo kubwa halikuamuliwa kwa mdomo. Mama alitundika kipande cha bitana nyeusi, kitambaa cha kutilia ndani ya nguo, kwenye mlango wa kabati, akakigawa kwa chaki yake ya kukatia nguo: huku Kwenda, huku Kubaki. Kila mtu aliandika anachokijua, na hakuna aliyeruhusiwa kukung'uta neno la mwenzake.

Kwenye Kubaki mama aliandika wateja wake, shule, na kodi nafuu. Kisha akampigia kaka yake simu. Mjomba alisitasita, mwisho akakiri kwamba chumba chake hakina dirisha, kinameza nusu ya mshahara, na maji ananunua kwa ndoo.

"Na lile bwawa la kwenye picha?" mama aliuliza.

"Dada, lile la hoteli. Mimi nalisugua, siliogelei."

Mama akayaandika yote. Lakini baba alichukua chaki, akaandika upande wa Kwenda kwa herufi kubwa: KIFUA CHA MENEJA. Hilo likashinda yote. Mama akaanza kutafuta mnunuzi wa cherehani, wapate nauli na kodi ya kuanzia.

Sindano alikuwa na neno ambalo hakuliandika.

Wiki mbili nyuma, kibiringo cha uzi kiliviringika nyuma ya kabati. Alipopeleka mkono, vidole vilizama kwenye kitu laini, baridi, chenye utelezi kama tumbo la samaki aliyeoza. Akamulika tochi. Ukuta ulikuwa mweusi tii, umeota manyoya, na maji ya bafu la ghorofa ya juu yalikuwa yakitiririka polepole kutoka kwenye bomba. Rangi nyeupe ilining'inia vipande vipande kama ngozi ya kidonda. Alinusa vidole vyake, akatapika kwenye beseni. Kutoka hapo hadi kwenye mto wa Meneja zilikuwa hatua mbili.

Kabati hilo aliliweka hapo mwenye nyumba mwenyewe, akisema chumba kitapendeza. Kwa miaka sita alimleta fundi wa rangi mara nne. Fundi bomba hakumleta hata siku moja. Na wapangaji je? Jirani wa kulia aliuziba ukuta wake kwa kalenda, wa kushoto kwa pazia. Walijua, wakanyamaza, eti kodi ni nafuu. Uchafu mtupu, na si wa ukutani peke yake.

Sindano naye alinyamaza kwa sababu zake. Alilitaka lile jua. Baba akiuona ukuta, safari imekufa.

Jumamosi mnunuzi akaja, mzee mwenye mkokoteni. Mama alikuwa akiipangusa mashine kwa mara ya mwisho Meneja aliposhikwa na kikohozi. Safari hii hakikukoma. Midomo ilibadilika ikawa ya kijivu. Baba alimnyakua, akakimbia naye uani, na huko nje, katika baridi ile ile iliyolaumiwa, mtoto akaanza kuvuta pumzi.

Sindano aliona, akajichukia.

"Baba, si baridi," alisema. "Sogezeni kabati."

Wakalisogeza. Mzee aliziba pua kwa kofia. "Jamani, mnalala na maiti?"

Baba aliuliza, taratibu, Sindano amejua tangu lini. Aliposikia hakumpiga. Alimpa chaki. Sindano akaandika mbele ya wote alichokificha, na mzee akaondoka na mkokoteni mtupu.

Jumatatu mama alipita mlango kwa mlango. Wengi waliogopa kufukuzwa.

"Shoga, tufukuzwe wote basi," mama alimwambia jirani wa kalenda. "Tuone atampangisha nani."

Kaya kumi na moja zilikwenda ofisi ya afya. Afisa afya, mama mmoja mwenye buti za mpira, alikuja akauchoma ukuta kwa bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akamwamuru mwenye nyumba abadilishe bomba na kubandua plasta yote ndani ya siku kumi na nne, na mpangaji yeyote asiguswe. Meneja alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya kuvuta. Mwezi ulipokwisha alikuwa akiamrisha watu tena.

Siku ya ukaguzi wa mwisho afisa, aliyekwisha kusimuliwa yote na mama, alimwita Sindano kando.

"Mwanangu, kuhama si kosa, na jua ni zuri. Kosa ni kuwaacha wazazi wapime huku wewe umeficha la upande mmoja. Walikuwa wanauza cherehani kwa ajili ya ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa fundi bomba."

"Na wakubwa walionyamaza miaka sita?"

"Hao nimeshawaambia. Wao niliwapa maneno makali zaidi."

Na wewe msomaji, funga kitabu. Darasani mwako yupo anayekohoa tangu mvua zianze. Mwulize analala wapi. Nenda ukaone kwa macho yako, kisha umshike mkono mtu mzima mmoja umpeleke ofisi ya afya. Kesho ni mbali. Inuka sasa hivi.